Nani Alikuwa Anafunga Koki

Nyumba yetu ina choo kimoja cha ndani, na tangi la choo hicho lina kelele. Ukishavuta maji, kwanza linakohoa, halafu linapiga mluzi, halafu linavuma mpaka lijae. Aliye jikoni anasikia, aliye sebuleni anasikia, na nadhani hata ng'ombe huko nje wanajua nani ameingia. Tulijenga hapa Giakanja watoto wakiwa wadogo, na miaka yote hiyo sikuwahi kuona hiyo kelele kama ni jambo. Nyumba yenye watu lazima isikike. Ndiyo maana siku tangi liliponyamaza sikugundua, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Mengine yanakuja.

Mama yangu aliteleza kwenye mteremko wa kahawa huko Othaya, akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akawekwa chuma. Siku ya kutoka hospitali daktari alimtazama yeye, kisha akatutazama mimi na ndugu yangu wa kiume, akasema mama asichuchumae. Miezi sita, asichuchumae hata mara moja. Chuma kikihama mahali pake, alisema, kwa umri huu hangependa kumrudisha tena kwenye kile kitanda cha upasuaji. Mimi na ndugu yangu tukaangaliana. Kwa mama ni choo cha shimo. Kwa ndugu yangu kule Mweiga, shimo vilevile. Choo cha kukalia kilikuwa kimoja tu katika familia nzima, nacho kilikuwa kwangu.

Mtu wa mbali atasema, si basi aende kwa binti yake, shida iko wapi? Ngoja nikwambie. Kwetu mama mzee akichoka anaenda kwa mwanawe wa kiume. Kwa binti kuna mkwe, na mkwe na mama mkwe wanaheshimiana mpaka wanaowatazama wanachoka. Zamani walikuwa wakikutana njiani, mmoja anaingia kando mwingine apite. Siku hizi wanasalimiana kwa mkono, lakini haya bado ipo pale pale. Tangu niolewe, na sasa nina wajukuu, mama hajawahi kumaliza sahani ya chakula mbele ya mume wangu. Naye mume wangu ni mwalimu mstaafu, mtu wa kuongea na kila kiumbe hadi mbwa wa jirani, lakini akimwona mama anaanza kukagua viatu vyake. Wakitaka kuambiana kitu wananipitia mimi. Mama ananiambia nimwambie baba ya watoto asante kwa maziwa, na baba ya watoto ameketi hapo hapo, anasikia kila neno.

Kwa hivyo mama alikuja, lakini alikuja kama mtu anayeazima. Alikuwa na begi moja na kile kifaa cha miguu minne cha kutembelea. Mume wangu alikuwa amemwachia chumba chenye jua, kilicho karibu na choo, akahamisha vitabu vyake vyote kwenye veranda. Ukutani kando ya choo alikuwa amefunga kipande cha bomba la chuma mama ashikilie akiinuka. Nilimwambia ni kazi nzuri. Akasema ni bomba tu.

Wiki ya tatu nikaanza kuona kikombe cha chai kikirudi jikoni kimejaa, na utando wa maziwa juu. Mama yangu! Mwanamke aliyenilea kwa chai, anayesema nyumba isiyo na chai ni stoo. Nilidhani ni dawa zimemharibia ladha. Nikampelekea uji, ukarudi nusu. Nikampelekea maji, akalowesha midomo tu. Kisha asubuhi moja alisimama kutoka kitandani akayumba, na kama singekuwa hapo kumdaka angeanguka juu ya nyonga ile ile.

Tulienda zahanati. Muuguzi akamfinya ngozi ya mkono taratibu, akaiacha, na ngozi ikabaki imesimama. Akamuuliza anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Mama akaangalia dirisha. Muuguzi akanitoa nje akaniambia wazi kwamba mama huyu amekauka. Mzee akikauka hivi figo zinachoka, alisema, na mzee mwenye kizunguzungu na nyonga mpya ataanguka tu, ni suala la siku. Nilirudi nyumbani na hasira, na mimi hasira yangu haina kituo. Nikafunga mlango wa chumba cha mama, nikamuuliza kama amekuja kwangu kufa.

Alishika shuka, akasema kwa sauti ya chini: "Siwezi kutoka choo kikiwa hivyo, baba ya watoto aingie akione."

Hapo ndipo nilipojua. Tangi lilikuwa linachukua karibu nusu saa kujaa. Akivuta mara ya kwanza, maji hayamalizi kazi. Inabidi angoje avute tena. Basi anakaa mle ndani, nyonga inamuuma, anasikiliza hatua za mkwe wake kwenye ukumbi na kuomba Mungu zisisimame mlangoni. Alikuwa ametafuta suluhisho lake mwenyewe, na akanieleza bila aibu yoyote: kisichoingia hakitoki. Ndiyo sababu ya chai. Akaniapisha nisimwambie mume wangu neno hata moja. Na akaongeza kwamba kama choo hakitatengenezwa kufikia Jumamosi, ndugu yangu aje amchukue arudi Othaya. Nikamwuliza, na daktari? Akasema atachuchumaa polepole.

Polepole! Nilitoka nikaenda kulikabili lile tangi kama nimetumwa.

Sikujua mabomba, lakini nimeshona nguo za shule miaka mingi kwa cherehani moja, na mtu anayeweza kuishi na cherehani kuukuu hawezi kushindwa na choo. Kwanza nilifungua bomba la jikoni. Maji yalikuja kwa nguvu, kwa hivyo si mradi wa maji wa kijiji uliopunguza. Nikainua kifuniko cha tangi. Maji yalikuwa yanaingia kama uzi, na kimya kabisa. Ningetumia akili hapo, ningejiuliza kelele imeenda wapi. Sikujiuliza. Nikaangalia lile boya la plastiki linaloelea. Lilikuwa zima, linapanda na kushuka, halijakwama. Nikafungua mahali paipu inapoingilia, nikatoa kachujio kadogo kenye matundu. Kalikuwa na matope, maana mvua ikinyesha kule Aberdare maji yanakuja na udongo. Nikakasafisha kwa sindano ya cherehani, tundu moja moja, nikakarudisha. Nikavuta maji nikangoja. Uzi ule ule. Hata mwanangu wa kwanza hakunichosha hivyo kuzaliwa.

Kitu kimoja tu sikukishika. Nyuma ya choo, chini karibu na sakafu, kuna koki ndogo ya shaba isiyo na mkono. Ina mkato tu, wa kuzungushwa kwa bisibisi. Mimi nilidhani ni kiungo cha bomba.

Mume wangu nilimwambia tu kwamba tangi limeharibika. Akaitikia "Eee" na kuendelea na gazeti. Nikamwuliza kama hiyo eee inatengeneza choo. Akasema labda ni matope. Nilimwona mvivu sana siku hiyo, na nilimwambia hivyo. Tena kulikuwa na jambo lingine lililonikera: alikuwa ameanza kwenda kile choo cha shimo cha zamani nyuma ya zizi, kwa mvua na baridi, kama mtu asiye na nyumba. Nilifikiri ni ukaidi wa uzee.

Nikaita fundi kutoka Nyeri mjini, mzee wa Kiislamu mwenye kofia nyeupe na miwani iliyofungwa kwa mpira. Watu wa mjini Kiswahili chao kimenyooka. Ukiongea nao unajisikia kama uko kwenye mtihani. Alipiga magoti polepole, akaangalia nyuma ya choo, akatoa bisibisi, akazungusha mara mbili. Tangi likakohoa, likapiga mluzi, likavuma. Likajaa kabla hajamaliza kujifuta mikono. Akasema tangi halina ugonjwa, koki tu ilikuwa imefungwa karibu yote. Nilimshukuru mpaka akaona haya. Nikaenda kwa mama nikamwambia mambo tayari, na jioni hiyo alikunywa kikombe kizima.

Kesho yake mchana, uzi. Kimya. Kikombe kikarudi kimejaa.

Nilimpigia fundi simu na maneno ambayo sitayaandika hapa. Alinisikiliza yote, akaja. Hakukasirika, na hilo lilinikasirisha zaidi. Akapiga magoti tena, akafungua tena, maji yakavuma tena. Kisha akabaki amepiga magoti vile vile, akavua miwani, akaniambia kwa upole wote wa dunia: "Mama, koki haijifungi yenyewe. Kuna mtu katika nyumba hii."

Alipoondoka nilisimama mle chooni nikaangaza macho. Dirishani, nyuma ya sabuni, kulikuwa na bisibisi ndogo. Bisibisi yangu! Ile ya cherehani, niliyokuwa nimeitafuta wiki nzima kwenye droo yake na kudhani mume wangu ameipoteza akitengeneza radio yake. Moyo wangu ukaruka moja kwa moja kwa mama. Nani mwingine? Ni mama anayezima taa nyuma yetu. Ni mama anayeosha sahani nne kwa kikombe kimoja cha maji na kunitazama vibaya nikiacha bomba wazi. Amebeba maji mgongoni kutoka mtoni tangu akiwa msichana, kamba ikimkata paji la uso mpaka leo alama ipo. Nikaona yote: anafunga maji ili yasitumike ovyo, halafu anakataa kunywa chai kwa sababu maji hayatoshi, halafu ananitisha na Othaya. Wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi siku hiyo nilijikwaa ulimi wote.

Niliingia chumbani kwake na bisibisi mkononi. Nilisema uchoyo wa maji utamwua. Nilisema nimeaibika mbele ya fundi mara mbili kwa sababu yake. Nilisema mambo ya tangu utotoni ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na choo. Mama aliningoja nimalize, kama alivyokuwa akiningoja nikiwa na miaka sita. Kisha akauliza hiyo koki iko wapi. Nikamwambia, chini, nyuma ya choo, karibu na sakafu.

"Na mimi niliyekatazwa kuchuchumaa," akasema, "niliifikiaje?"

Nilisimama hapo na bisibisi yangu kama mwizi. Mama akavuta begi lake kutoka chini ya kiti kwa mguu wa kile kifaa, akaanza kutia leso zake ndani, moja moja, akizikunja vizuri. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema tu nimpigie ndugu yangu aje leo, asingoje Jumamosi. Nilimwomba msamaha, akaendelea kukunja. Nikamkumbusha daktari, akaendelea kukunja. Niliogopa kweli. Nilimwona tayari kwenye lile shimo la Othaya, peke yake, akishikilia ukuta wa mbao, na hakuna mtu karibu wa kumsikia akianguka.

Ndipo mtu akakohoa kwenye ukumbi.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Mume wangu alikuwa amesimama upande wa pili wa ukuta, mahali ambapo mama hangeweza kumwona wala yeye kumwona mama. Alikuwa ametoka kukamua. Niliona ncha ya ndoo ya maziwa na gambuti moja. Sijui alikuwa amesimama hapo muda gani.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi ninayeifunga."

Nilitoka ukumbini nikamtazama. Alikuwa anaangalia ndoo. Nikamwuliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwa nini. Akaanza kueleza kwa Kiswahili cha shule, kama anavyofanya akiona haya, akijua kwamba mama anasikia na kwamba heshima inataka tujifanye hasikii. Alisema wiki ile ya kwanza mama alipokuja, yeye alikuwa sebuleni akisoma, tangi likavuma. Akajua mama ametoka chooni. Na mama alipopita akielekea chumbani, alipita ameinamisha uso. Alisema hakuweza kuvumilia hilo. Mzee wa watu, amekuja kwa mkwe kwa kukosa budi, halafu nyumba inamtangaza kila akienda haja. Basi akachukua bisibisi yangu, akabana koki mpaka maji yakaingia bila sauti. Yeye mwenyewe akahamia choo cha nje, ili mama awe na choo chake peke yake asikutane naye mlangoni. Fundi alipofungua, akangoja mama atoke kuota jua, akaifunga tena. Nilipolalamika kwamba tangi halijai alitamani kuniambia, lakini angeanzaje? Aseme amekuwa akimsikia mama mkwe wake chooni?

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na kwa sababu ya ndoo ya maziwa sikufanya lolote. Kumbe hatua ambazo mama alikuwa anaziogopa mlangoni hazikuwa za mkwe. Zilikuwa zangu. Choo alichokuwa anakilinda kwa kiu yake, mkwe wake alikuwa hakikanyagi ila kuinama kufunga koki. Mmoja alikuwa anajikausha kwa heshima, mwingine analoweshwa na mvua nyuma ya zizi kwa heshima hiyo hiyo, na mimi katikati, mpeleka habari wao wa siku zote, nilikuwa nimepeleka kila kitu isipokuwa habari yenyewe. Kiapo nilichokuwa nimemwapia mama nilikivunja hapo hapo. Nilimwambia mume wangu kwamba mama ameacha kunywa chai na sababu yake ni nini. Aliiweka ndoo chini vibaya, maziwa yakamwagika sakafuni, na hakuyatazama.

Chumbani, mikono ya mama ilikuwa imesimama juu ya begi. Aliketi kitandani. Kisha akasema, akinitazama mimi, lakini kwa sauti kubwa ya kufika ukumbini:

"Mwambie baba ya watoto aifungue hiyo koki yote. Maji yalie. Watu wakisikia mzee ameenda choo, si ni kwa sababu mzee bado yuko?"

Niligeuka kumwambia, kwa mazoea. Kabla sijafungua mdomo, sauti ya mume wangu ikatoka nyuma ya ukuta.

"Mwambie nimesikia."

Alipita ukumbini akaingia chooni, nikasikia magoti yake yakigonga sakafu. Tangi lilikohoa, likapiga mluzi, likavuma nyumba nzima, na mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nyonga yake na kusema inauma, na akaendelea kucheka. Baadaye alinituma nimpelekee chai. Alikunywa vikombe viwili, akaenda choo kichwa kikiwa juu, na begi likarudi chini ya kiti.

Miezi sita ya daktari iliisha kitambo. Ndugu yangu amejenga choo cha kukalia huko Othaya, kizuri kuliko changu, na mama anasema atarudi kahawa ikishachumwa. Alisema hivyo msimu uliopita pia. Bado wanaongea kupitia kwangu, na bado hamalizi sahani mbele yake. Fundi aliwahi kutuambia kuna vifaa vipya vinavyojaza tangi bila sauti. Mume wangu ndiye aliyekataa.

Mimi ni mtu wa kulalamika, kila anayenijua atakwambia. Lakini namshukuru Mungu kwa yule fundi mpole na kwa mume ambaye alikosea kwa kuheshimu sana. Ninamshukuru zaidi kwa mama, ambaye angeweza kuondoka siku ile na hakuondoka. Kila asubuhi, kabla hakujapambazuka vizuri, mama anaenda choo. Mume wangu huwa tayari yuko jikoni na sufuria ya maziwa juu ya jiko ambalo halijawashwa. Anangoja. Asubuhi moja mwezi uliopita tangi lilichelewa. Nilimkuta amesimama na kiberiti mkononi, kichwa kimeelekea ukumbini, na uso wake sijawahi kuuona vile hata watoto wakiwa wagonjwa. Nilikuwa nimeshaanza kutembea kuelekea chumba cha mama wakati maji yalipokohoa, yakapiga mluzi, yakavuma.

"Ameamka," mume wangu akasema, na akawasha jiko.